Kielelezo cha Tatu

Mheshimiwa, mimi naitwa Turyasingura,
fundi wa dizeli, Kirigime, hapa hapa Kabale.
Kiswahili nilikiokota Malaba, chini ya malori,
nikiwa chali, mafuta yakinidondokea,
kwa hiyo niwie radhi nikilikaza neno kwa spana.

Gari ni la huyu mama, Perusi Kebirungi.
Pikapu mpya, ya mkopo, kilomita elfu thelathini na moja.
Ilikata roho kwenye kona za Kanaba,
magunia kumi na mawili ya viazi mgongoni,
ukungu umeshuka hadi kwenye taa.
Haikukohoa. Haikutoa moshi wa kuaga.
Ilinyamaza tu,
kama mtu aliyekumbuka jambo katikati ya maneno.

Nilipolipasua chujio sikuona uchafu.
Niliona mng'aro.
Pampu ilikuwa imejitafuna.

Ngoja nieleze, maana wakili wao ameanza kukohoa.
Pampu hii haina oili yake.
Dizeli inayoisukuma ndiyo hiyo hiyo inayoilainisha.
Ulaini ukipungua, chuma husugua chuma,
na vumbi lake husafiri: mabomba, nozeli,
hadi tangini kwa njia ya kurudi.
Haifi peke yake. Inaondoka na ukoo.

Kampuni inasema: maji kwenye mafuta.
Kosa la mteja. Dhamana imekufa.
Barua imetoka Kampala na muhuri wake,
na aliyeiandika hakuwahi kuinua boneti.

Basi mafuta yenyewe haya.
Niliyatoa tangini siku ile ile, mbele ya mwenyekiti wa kijiji,
nikayatia kwenye chupa ya waragi
(niliiosha, mheshimiwa, niliiosha na kuikausha)
nikaiweka dirishani siku tisa.
Maji ni mazito. Yangekaa chini, yangechora mstari.
Tafuta mstari.

Na hii ni sumaku ya spika ya redio.
Ipitishe nje ya chupa, polepole.
Unaziona zinavyosimama,
vinyweleo vya mkono wakati wa baridi?
Maji hayafuati sumaku.

Haya, tuseme mafuta yetu ni makavu,
tuseme vituo vyetu vina dhambi zao.
Walijua. Walikuja kufungua duka humu humu.
Bango lao linaonyesha gari likipanda mlima,
na mlima ule ni wetu, naujua kwa matuta yake.
Kama pampu yenu haiwezi kunywa tunachokunywa,
mngesema kabla ya kuhesabu pesa.

Tena si hili peke yake.
Kuna la mwalimu Bigirwenkya wa Hamurwa,
kuna la kituo cha afya, lililozima na mgonjwa ndani.
Namba za pampu zinafuatana, tatu, nne, saba,
watoto wa tumbo moja.
Ni maji gani hayo yanayojua kusoma namba?

Juzi walimletea mama karatasi:
watalipa nusu, kwa hisani,
akitia sahihi kwamba hatasema popote.
Viazi alishaviuza kwa bei ya kutupa, pale pale barabarani,
kwa lori lililokuwa likienda Kongo.
Nusu ingemfaa. Mimi mwenyewe nilimwambia ingemfaa.
Akairudisha.
Alisema kwa Rukiga, nami natafsiri vibaya:
hisani mpe mgeni. Mimi nawadai.

Ndiyo, mheshimiwa. Nimesikia. Tarehe kumi na nne, mwezi ujao.
Mkopo, huo haukuahirishwa.

Karani anauliza chupa ikae wapi.
Kabatini, mbali na jiko la chai.
Msiitikise.
Na sumaku naiacha hapa pia,
asije mtu akasema siku hiyo
kwamba haikuonekana ya kupimia.